Mutu akipoteza maneno kisha ubongo kuumizwa
Hotuba ya timu ya kutembelea jamaa, mbele ya wanachama na wafadhili, Goma

Komite ilituomba tuongee kidogo juu ya afya ya wale waliorudia vijiji vyao. Tungeweza kuongea tena juu ya maji na kolera, lakini hiyo munaijua kutupita sisi. Leo tumechagua jambo moja ambalo kwa listi zetu halina hata mustari wake: mutu anayepoteza maneno kisha ubongo wake kuumizwa. Waganga wanaita hali hiyo afazia.

Kwa nini jambo hili? Juu tangu kambi za Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na zingine zilipobaki tupu mwezi wa pili 2025, tunaona kitu kimoja kinarudi kila mara tukitembelea jamaa. Mutu akirudi nyumbani, kila kitu kinapitia mudomo. Karatasi zilipotea ao ziliungua. Kadi ya elekta, ile tunayotumia sisi wote kama kitambulisho, watu wengi wa Masisi na Rutshuru hawakuipata, sababu kazi ya kuandikisha wapiga kura ya mwaka 2023 haikufika kwao juu ya vita. Basi mutu anajitambulisha kwa kusema. Mimi ni mutoto wa fulani, baba yangu alilima pale, jirani wetu alikuwa fulani, mupaka wetu uko kwa ule muti wa avoka. Anasema hivyo mbele ya kapita, mbele ya shefu wa grupema, kwa kizuizi cha barabara, kwa mustari wa kugawa chakula. Mwenye hawezi kusema anabaki nyuma pahali pote hapo, hata kama eko na akili timamu kama mimi na wewe.

Tuseme kwanza afazia ni nini. Si ububu wa kuzaliwa nao. Si uziwi. Si wazimu. Kwa watu wengi, kazi ya lugha inafanywa na upande wa kushoto wa ubongo. Upande ule ukikosa damu, ao ukipigwa, ao ukiingia uvimbe, mutu anaweza kubaki na mawazo yake, kumbukumbu yake na hasira yake, lakini njia ya kwenda kwa maneno imekatika.

Waganga walianza kuelewa hiyo kule Paris mwaka 1861, kwa mugonjwa mumoja aliyeitwa Leborgne. Alikuwa ameishi kwa hospitali ya Bicêtre miaka 21, na neno lililobaki kwa mudomo wake lilikuwa moja tu: «tan». Watu wa hospitali walimuita Tan. Muganga Paul Broca alipomuuliza eko pale miaka ngapi, alifungua mukono wake mara ine, kisha akaongeza kidole kimoja. Hesabu mwenyewe: vidole vitano mara ine, na kimoja juu yake. Ni 21 kamili. Mutu yule hakuwa amepoteza hesabu wala miaka yake. Alikufa mwezi wa ine mwaka ule, na Broca alipoangalia ubongo alikuta umeharibika mbele, upande wa kushoto. Mwaka 1874, muganga Mujerumani kijana, Carl Wernicke, aliandika juu ya wagonjwa wa namna ingine: hao wanaongea bila kukwama, lakini maneno yamebadilishana, na wenyewe hawaelewi vizuri kile wanaambiwa. Ubongo wao ulikuwa umeumia nyuma zaidi, karibu na upande wa sikio la kushoto.

Namna hizo mbili ziko hapa kwetu pia, katika nyumba za wanachama wetu. Ya kwanza watu wanaihurumia. Muzee anatafuta neno, jasho linatoka, anatoa neno moja, «mayi», na wote wanakimbia kuleta maji. Ya pili watu wanaiogopa. Mama anaongea mbio, sauti ni ile yake ya kawaida, lakini ndani ya maneno hakuna kitu cha kushika. Anaita sufuria «kanisa», anaunda maneno ambayo hayako kwa lugha yoyote. Wanasema amekunywa. Wanasema ni mapepo. Wanamupeleka kwa chumba cha maombi, anafungishwa njaa siku nyingi, na wakati huo wote tansio iliyomuangusha haijapimwa hata mara moja. Sisi hatukatazi mutu maombi, wengi kati yetu tunaomba. Tunasema tu: mupime tansio kwanza, kisha muombe. Na kama jamaa eko na mashaka kama ni akili ao ni ubongo, hapa Goma kuko kituo cha Tulizo Letu cha Ndugu wa Upendo, wanaojua magonjwa yote mawili. Na kuko hospitali kubwa ambazo zinaweza kuangalia.

Kuna alama moja inayosaidia kutenganisha. Mwenye kuchanganyikiwa akili, mara nyingi maneno yake yanasikilika lakini mambo anayoyasema ni ya ajabu. Mwenye afazia, maneno yenyewe ndiyo yamevunjika, lakini matendo yake yanaendelea kuwa ya akili: anawasha mbabula vizuri, anakumbuka mbuzi hawajafungwa, analia akiona mutoto wake ameumia. Si sheria ya kila mara, lakini muangalie mikono mbele ya kuhukumu mudomo.

Sababu ni gani? Kwa watu wazima, ya kwanza ni kiharusi, na nyuma ya kiharusi mara nyingi kuko tansio. Munajua namna mambo yalivyokuwa kwa kambi: leo dawa iko, mwezi ujao haiko, mutu anaikunywa siku kichwa kinauma, kisha anaacha. Dawa ya tansio haiko ya kichwa kuuma, ni ya kila siku, hata siku mutu anajisikia muzuri. Sababu ya pili ni vichwa vilivyopigwa: pikipiki za hapa mujini munazijua, hatuna haja ya kusema mengi. Ya tatu ni vita. Kuko waliopata risasi ao kipande cha bomu kwa kichwa, wakatibiwa kwa hospitali kama CBCA Ndosho, pale CICR inasaidia waliojeruhiwa kwa vita. Kidonda kinafungwa, mutu anaachiliwa kwenda nyumbani, na hapo ndipo muke wake anatambua kwamba mume amerudi bila maneno. Kwa watoto, angalieni malaria ya kupanda kichwani na ugonjwa wa meninjiti. Utafiti uliofanyika Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, ulionyesha kwamba kati ya watoto waliopona malaria kali kuko waliobaki na shida ya lugha, hata kama kwa macho wanaonekana wamepona kabisa. Mwalimu anasema ni muvivu. Pengine si muvivu.

Sasa, siku yenyewe ya kiharusi. Sura imevutika upande mumoja, mukono mumoja unaanguka ukiinuliwa, maneno yanachanganyikana ghafla. Moja kati ya hizo inatosha. Angalia saa na uikumbuke, juu muganga atauliza ilianza saa ngapi. Mulaze kwa upande. Usimupe uji, usimupe maji, usimupe kidonge, kwani koo nayo inaweza kuwa imepooza na kitu kikaenda kwa mapafu. Usimupe aspirini ya kujisaidia: kuko kiharusi cha mushipa kuziba na kuko cha mushipa kupasuka, na kwa macho hakuna mutu anayeweza kuvitenganisha. Usimuchanje. Mupeleke kwa sentre, na uombe wapime tansio na pia sukari, juu sukari ikishuka sana mutu anaweza kupoteza maneno kama mwenye kiharusi, na hiyo inatengenezwa palepale. Kuko dawa ya kuyeyusha damu iliyoziba, lakini inaomba skaneri kwanza na inapashwa kutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Kutoka Bwito mupaka Goma, na barabara ya wakati wa mvua, hesabu ni yenu. Hata hivyo mumulete, sababu kuko mengi ya kufanya hata kisha zile saa kupita.

Kisha hospitali, inaanza kazi ndefu. Inchi yetu eko na waortofonisti wachache sana, ndio waganga wa kurudisha maneno, na kijijini hakuna. Lakini sehemu kubwa ya kazi ile inaweza kufanywa na jamaa wakionyeshwa. Maendeleo makubwa yanakuja kwa miezi ya kwanza, na yanaweza kuendelea polepole miaka mingi. Basi musikubali mutu awaambie «mwaka umepita, imeisha».

Wimbo unasaidia. Mutu ambaye hawezi kuomba kijiko anaweza kuimba wimbo wa kanisa na maneno yake yote, ao kuhesabu moja mupaka kumi, ao kusema Baba Yetu, ao, tusifiche, kutukana vizuri sana. Jamaa wanasema: munaona, anajifanya! Hajifanyi. Vitu vile vya kurudiarudia tangu utoto vinapitia njia ingine ya ubongo. Kule Boston, tangu miaka ya 1970, waganga waligeuza hiyo kuwa matibabu: wanaanza kwa kuimba maneno ya kila siku na kupiga pigo kwa mukono wa kushoto, kisha wanapunguza wimbo polepole mupaka kubaki maneno. Mwanamuke Gabrielle Giffords, mubunge wa Marekani aliyepigwa risasi kwa kichwa tarehe 8 mwezi wa kwanza 2011, alianza hivyo, na nyimbo. Mupaka leo anaongea kwa kifupi, lakini anasimama mbele ya watu na anasema kile anachotaka. Tunamutaja kusudi musifikiri ni ugonjwa wa watu wasiosoma.

Jambo la lugha nyingi linaomba tukae hapo kidogo, juu hapa kwetu ni hatari. Karibu sisi wote tuko na lugha mbili, tatu: ya nyumbani, Kihunde ao Kinyarwanda ao Kinande ao Kishi, kisha Kiswahili, kisha Kifaransa ya masomo, na Lingala kidogo. Ubongo ukiumia, mara nyingi lugha zote zinaumia pamoja na zinarudi pamoja. Lakini si kila mara. Mwishoni mwa karne ya 19, kule Ufaransa, Ribot alifikiri kwamba ya utotoni ndiyo inabaki. Muganga Pitres, mwaka 1895, aliandika kwamba ile mutu aliyoizoea zaidi mbele ya ugonjwa ndiyo inatangulia kurudi. Kweli ni kwamba hakuna anayeweza kuahidi. Tumeona mwalimu wa zamani ambaye Kifaransa kilirudi mbele ya lugha ya mama yake, na jirani wakasema ni majivuno. Hiyo ni kicheko tu. Lakini waza mutu anafika kwa kizuizi cha barabara, anaulizwa na Kiswahili, na mudomo wake unaweza kutoa lugha moja tu, ile ambayo siku ile, pahali pale, haitakiwi. Munajua tunasema nini. Tunaomba kila mutu wa namna hiyo asisafiri peke yake, na awe na karatasi ya muganga yenye muhuri, inayosema ubongo wake uliumia na hawezi kuongea sawasawa. Karatasi ile ni ya lazima kama dawa.

Sasa tufike kwa shamba, maana hapo ndipo tumeona ubaya zaidi.

Kuko mama mumoja, mujane, tusitaje kijiji. Kiharusi kilimukamata kwa kambi. Neno lililobaki ni «ee». Anasema «ee» akiwa na furaha, anasema «ee» akikataa, sauti ndiyo inabadilika na uso. Aliporudi, shemeji yake alimuita mbele ya mashahidi, akamuuliza: unakubali shamba hili liende kwa jamaa ya marehemu, ndio? Akasema «ee». Wakamukamata kidole, wakakitia wino. Karatasi ilikuwa tayari imeandikwa, muone hiyo.

Binti yake ndiye aliyekuja kutuona. Hatukuwa na uwezo wa kuhukumu shamba, na hatukutaka kuingia katikati ya jamaa. Tulimuonyesha binti namna ya kuuliza, tu. Siku ya kapita, binti aliomba ruhusa, akamuuliza mama yake mbele ya wote: «Mama, uko mwanaume?» «Ee.» «Jina lako ni Petro?» «Ee.» Watu walicheka. Mama mwenyewe alicheka, alijua binti anafanya nini. Kisha binti akaweka chini mawe mawili, moja la jamaa ya baba, moja la watoto, na akachora na kijiti shamba lote, mutaro, njia, muti. Mama akakamata kijiti, akasahihisha muchoro pahali mutaro ulikuwa umekosewa. Kisha akaweka mukono kwa jiwe la watoto na hakuutoa. Pale hakuna aliyecheka tena.

Kapita alikamata ile karatasi akaiweka kwake. Hakuipasua, hakuikubali. Jambo bado liko pale mupaka leo tunapoongea, na shemeji analima nusu ya shamba. Tunawaambia hivyo juu musifikiri muchoro mumoja unamaliza mambo. Lakini mama yule alisikiwa.

Basi kwa mwenye afazia, «ndiyo» moja haitoshi kamwe. Uliza swali lilelile kwa upande wa pili: shamba ni la watoto? Kisha: shamba ni la shemeji? Akijibu «ndiyo» kwa yote mawili, hajajibu bado, na hakuna kidole cha kutiwa wino siku ile. Muonyeshe vitu, foto, mawe, muchoro. Uliza neno moja kwa mara moja na ungoje. Hesabu kumi ndani ya roho mbele ya kuongeza neno. Usimukatize, usimumalizie sentensi kama hajakuomba. Usipandishe sauti, hajawa kiziwi. Zima redio. Na usiongee na mwenye kumusindikiza kana kwamba yeye ni kiti, kosa ambalo sisi watu wa mashirika tunajua sana kulifanya, na fishi zetu kwa mukono.

Sheria iko upande wao. Sheria ya inchi namba 22/003 ya tarehe 3 mwezi wa tano 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Wengi wanafikiri ulemavu ni muguu uliokatika. Tunaomba wale wenye kukaa kwa barza za vijiji wakumbushe kwamba mwenye kupoteza maneno naye eko ndani.

Tuongee sasa na ninyi wafadhili, bila kuzunguka. Vipimo vya ugonjwa huu vilitengenezwa mbali. Kuko picha moja inayojulikana sana, ya kipimo cha Boston: mama anapangusa sahani, maji yanamwagika kutoka kwa beseni la ukuta, mutoto amepanda kwa kiti anaiba biskwiti. Mugonjwa anaombwa aeleze anachokiona. Mama wa Kibumba anaangalia beseni lile na robine yake na anauliza, kwa macho, hii ni nini. Sasa tutajua namna gani kama amekosa neno ao hajaona kitu kile? Tulichora yetu: mama anapika kwa mbabula, kijana anapita na chukudu yenye magunia ya makala, bidoni imeanguka maji yanamwagika, na nyuma ya nyumba mbuzi anakula maharagi. Kila mutu anaona mbuzi. Hata mwenye hana maneno ananyosha kidole, anakasirika na mbuzi, na mara ingine neno linatoka na hasira ile. Kuchora picha ile hakukuomba feza nyingi. Kinachoomba feza ni kurudi kwa jamaa ileile kila wiki ao kila wiki mbili, kwa miezi mingi, kwa mutu mumoja. Kwa raporti inaonekana ni kidogo: mugonjwa mumoja, safari kumi na mbili. Tunaelewa kwamba munapenda hesabu kubwa. Lakini mutu huyu hatapona kwa kugawiwa kitu mara moja, kama sabuni. Tunawaomba vitu vitatu: dawa za tansio zisizokatika, nauli ya kurudia jamaa, na kulipia mafunzo ya ortofonisti kwa infirmiye wachache wa hapa, kusudi tusiwe tunangoja mugeni.

Na kwa wanachama. Tunaomba kila seli ya chama iandike mwenye kupoteza maneno kwa kaye yake, na ichague watu wawili wa kumusindikiza: mumoja wa jamaa, mumoja asiye wa jamaa. Ule wa pili ni wa lazima, munajua kwa nini. Wamusindikize kwa kapita, kwa kugawa chakula, kwa sentre. Kwa likelemba zenu pia: kuko mama ambaye zamu yake ya kukamata feza ilirukwa mara mbili juu hakuweza kusema «mimi nafuata». Muweke zamu kwa karatasi, na alama ya kila mutu: nyota, samaki, jembe.

Tumeleta nakala za ile picha ya mbuzi na karatasi yenye alama za kiharusi, kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda. Za Kihunde na Kinande bado tunaziandika, na kama kuko mwalimu hapa anayeandika vizuri lugha hizo, tunamuomba asitoke mbele ya kutuona. Mashini ya tansio iko kwa meza karibu na mulango. Mupite wote, hata wale wanaosema hawana kitu, mukae dakika tano mbele ya kupimwa, na musiongee wakati inapima.